UZI: "Hayuko tayari" ni maneno yetu, si ya mgonjwa

1.
Mimi ni nesi. Nimekaa miaka kadhaa kwenye dirisha la methadoni hapa Dar, ile dawa ya maji wanayokunywa watu waliokuwa wanatumia heroini. Leo nataka tugombane kidogo, na ugomvi wenyewe ni juu ya maneno mawili tu: "hayuko tayari." Uzi ni mrefu, kaa vizuri. Na kabla hujadhani nakusema wewe, jua kwamba mimi mwenyewe nimeyaandika maneno hayo, kwa mkono wangu na sahihi yangu chini.

2.
Umeyasikia wapi? Kwenye kikao cha familia: "Huyu tumeshahangaika naye sana, hayuko tayari." Kwa mjumbe. Msikitini na kanisani. Kwa kaka mkubwa aliyeibiwa televisheni na mdogo wake. Na sisi manesi tukiwa kwenye zamu, kikombe cha chai mkononi. Kila anayeyasema huyasema kwa utulivu, kama mtu anayesoma majibu ya maabara. Lakini hakuna aliyepima kitu. Tunapima mkojo, tunapima damu, tunapima makohozi. Utayari tunaukisia kwa kuangalia mtu amevaa nini, amefika saa ngapi, na kama amekuja na mama yake.

3.
Nikupe kisa kimoja. Nimebadilisha vitu vichache asitambulike. Tumwite Fundi, maana kweli alikuwa fundi, wa kupaka rangi nyumba. Alifika Ijumaa moja saa 8 mchana hivi. Jasho linamtoka, kamasi zinachuruzika, anapiga miayo mfululizo. Anayejua anajua: arosto ilishaanza. Akaniambia, "Sista, nataka kuanza dawa."
Umekuja na nani? "Peke yangu." Barua ya serikali ya mtaa unayo? "Sina." Vikao vya maandalizi umehudhuria? "Vikao gani?"
Nikamwambia, tena kwa upole kabisa, arudi Jumatatu asubuhi na ndugu yake na barua, tumwandikishe kwenye vikao. Akaniangalia. Akasema, "Jumatatu mbali, sista." Akaondoka.

4.
Jumatatu hakuja. Jumanne hakuja. Jumatano nikachukua daftari la walioulizia huduma, nikaandika mbele ya jina lake: "Hakurudi. Hayuko tayari." Nikafunga daftari, nikaenda kula. Na chakula kilishuka vizuri tu, sitakudanganya.

5.
Sasa tufanye hesabu ambayo sikuifanya siku ile. Kutoka Ijumaa saa 8 mchana mpaka Jumatatu saa 2 asubuhi ni masaa 66. Arosto ya heroini huanza kati ya masaa 6 na 12 baada ya kete ya mwisho. Inapanda, na kilele chake ni siku ya pili au ya tatu. Tumbo linakatika, mifupa inauma kama inasagwa, unaharisha, unatapika, baridi na joto kwa pamoja, na usingizi hakuna. Maana yake nilimwambia mtu huyu: nenda kavuke kilele chote cha arosto peke yako, bila dawa, katikati ya hapo tafuta barua ofisi zikiwa zimefungwa wikiendi, halafu ukishamaliza panda daladala uje uniombe dawa ya arosto. Aliposhindwa nikasema yeye ndiye hayuko tayari.

6.
Najua kuna mtu tayari anaandika kwenye maoni: "Kama kweli angetaka, angerudi." Tulia, nitakufikia. Kwanza tuwasikilize wenyewe, maana tunawajadili sana na kuwauliza kidogo.
Kwa miaka yote niliyokaa dirishani, ni wachache mno waliowahi kuniambia "niko tayari." Hilo ni neno letu la semina. Wao wanasema "nimechoka." Nimechoka kukimbizana. Nimechoka kuamka na kuwaza hela ya kete kabla sijanawa uso. Nimechoka mama yangu akiniona anabana pochi yake kwapani. Ukisikia "nimechoka" ujue mtu ameshafungua mlango upande wake. Sisi tunasubiri aseme sentensi iliyo kwenye fomu.

7.
Na ukiwasikiliza vizuri utagundua "tayari" kwao si kitu kimoja. Mtu anaweza kuwa tayari kuacha kujidunga lakini hayuko tayari kuacha kijiwe, kwa sababu kijiwe ndicho kinachomlisha: pale anapiga debe, anaosha magari, anabeba mizigo, na ndipo walipo watu pekee wanaomwita kwa jina lake. Mwingine yuko tayari kunywa dawa kila siku ila hayuko tayari kusimama kwenye foleni iliyo mbele ya barabara wanayopita wakwe zake. Mwingine yuko tayari kwa kila kitu isipokuwa kumleta baba yake kama msindikizaji, kwa sababu baba ndiye aliyemfukuza. Hawa wote kwenye daftari letu wana jina moja tu. Unalijua.

8.
Kingine wanachokijua wao na sisi tunajifanya hatukijui: utayari unakuja na kuondoka. Kijana mmoja aliniambia, "Sista, mimi naacha kila siku asubuhi." Manesi wenzangu walicheka. Mimi pia nilicheka. Lakini alikuwa anasema kweli. Asubuhi arosto imemkaba, anaapa leo ndiyo mwisho. Saa 4 amepata kete moja, mwili umetulia, anasema kesho. Si mwongo asubuhi na si mwongo saa 4. Ni mtu yule yule katika hali mbili za mwili.
Na wewe usijifanye mgeni. Sigara umeacha mara ngapi? Soda? Dawa zako za presha, zile unazomeza wiki ukiumwa kichwa na kuziacha kikipona? Hakuna aliyekufungia mlango wa kliniki mpaka uthibitishe msimamo.

9.
Wenzangu wa afya mtaniambia: lakini tulifundishwa hatua za mabadiliko. Ndiyo, nami nilifundishwa, ile michoro ya ngazi au duara: hajafikiria, anafikiria, anajiandaa, anachukua hatua. Waliotuletea hayo ni Prochaska na DiClemente, na maandishi yao maarufu ya 1983 yalihusu watu wanaoacha sigara kwa juhudi zao wenyewe. Hebu rudi uyasome maelezo yake vizuri. Yanasema watu wanapanda, wanashuka, wanazunguka, wanarudi nyuma, na kazi ya mhudumu ni kumfuata mtu pale alipo. Hakuna mahali panaposema asiyefika ngazi fulani asipewe dawa. Ngazi tulipewa sisi ya kumsaidia mtu apande. Tukailaza chini, tukaifanya geti.

10.
Sasa hoja ya kwanza ya mtaani: "Mwache mpaka afike mwisho, akigonga chini ataamka mwenyewe." Hii naisikia kwa wasomi na wasiosoma.
Chini ni wapi? Nioneshe. Nimewaona watu waliolala barazani, waliopoteza mke, waliopata VVU kwa sindano ya kuchangia, waliokatwa mguu kwa jipu lililooza. Wote walidhani pale ndipo chini, kumbe palikuwa na chini nyingine. Kwa heroini, chini kabisa ni kupumua kusimama. Ukisubiri mtu afike huko ndipo aamke, hataamka, na wewe utakuwa wa kwanza kwenye kamati ya mazishi kusema "tulimwambia."

11.
Hoja ya pili: "Methadoni ni unga wa serikali. Mnawabadilishia kilevi tu."
Twende taratibu. Heroini inakaa mwilini masaa machache, ndiyo maana mtu anaitafuta mara tatu, nne kwa siku, na kati ya hapo anaumwa. Methadoni inakaa zaidi ya siku nzima. Inanywewa, haidungwi. Mtu akifikia dozi yake sahihi halewi na haumwi. Anaamka, anakunywa, anaenda kazini. Madaktari Dole na Nyswander walianza kuitumia hivyo New York miaka ya 1960. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Hapa kwetu ilianza Muhimbili Februari 2011, ikafuata Mwananyamala, Temeke, Zanzibar, Dodoma, Mbeya, Mwanza na kwingine. Baada ya miaka yote hiyo bado mtu anakaa kwenye simu yake anaandika "unga wa serikali." Haya. Nenda kamwambie mama ambaye mwanawe sasa anarudi nyumbani na mshahara.

12.
Lakini angalia hoja hiyo inafanya nini kwenye suala la utayari. Kijana anasikia mtaani kwamba dawa ni ulevi mwingine, kwamba ukianza hutoki, kwamba meno yataanguka na nguvu za kiume zitaisha. Anaogopa. Anachelewa kuja. Halafu mtu yule yule aliyemtisha anasema: "Unaona? Hayuko tayari." Wewe ndiye uliyemtoa kwenye utayari, halafu unamhukumu kwa kutokuwa nao.

13.
Hoja ya tatu, na hii ni ya kaka zetu wakali: "Dawa yake ni kumfungia. Wiki moja ndani, minyororo, sumu itatoka."
Tafadhali soma hapa hata kama utaruka kwingine kote. Ukimfungia mtu siku 7 au 10, arosto kweli itapita. Lakini mwili wake utakuwa umesahau kiasi cha unga ulichozoea. Kiu ya kichwani haijaondoka. Siku akitoka, akipiga kile kipimo chake cha zamani, ambacho mwezi uliopita hakikumfanya chochote, kinaweza kumuua siku hiyo hiyo. Ndivyo wanavyokufa wengi waliotoka jela na waliotoka kufungiwa. Familia inasema, "Ajabu, alikuwa ameshaacha." Si ajabu. Ni dawa na mwili, basi.

14.
Na kwa kuwa tumefika hapo: ukimkuta mtu anakoroma kwa sauti isiyo ya kawaida, midomo imepauka au imekuwa ya bluu, mboni za macho ndogo kama kichwa cha pini, ukimwita na kumtikisa haamki, huyo kazidisha. Usimmwagie maji ukadhani umemaliza. Usimnyweshe maziwa wala chumvi, atapaliwa. Kama hapumui au anapumua kwa shida, mpulizie pumzi mdomo kwa mdomo kama unajua, na apelekwe hospitali mara moja. Akiwa anapumua mwenyewe, mlaze ubavu na usimwache peke yake. Ipo dawa inayoitwa naloksoni inayomrudisha ndani ya dakika chache. Mwambie mhudumu ukweli kwamba ametumia unga. Ukificha kwa aibu, tutaanza kutafuta malaria.

15.
Hoja ya nne ni ya wenzangu kazini, na hii naiheshimu: "Nesi, tukiwaingiza bila maandalizi wataanza na kuacha."
Ngoja nikukumbushe kitu ulichokiishi. Unakumbuka ARV za mwanzo? CD4 isubiriwe ishuke. Vikao vya ushauri kimoja, viwili, vitatu. Msaidizi wa nyumbani aje ajulikane. Tulisema hivi hivi: wasipoandaliwa wataacha dawa, virusi vitakuwa sugu. Watu walikufa wakiwa kwenye vikao vya maandalizi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likasema kila mwenye VVU aanzishiwe dawa bila kusubiri CD4. Mwaka 2016 Tanzania ikaingia kwenye utaratibu huo wa kupima na kutibu. Mwaka 2017 likaja la kuanza hata siku ile ile kwa aliye tayari. Na utayari huo alikuwa anaulizwa nani? Mgonjwa mwenyewe, kwa mdomo wake, pale pale. Hakutafutiwa barua.
Ushauri haukufutwa. Uliendelea, ila mtu akiwa tayari anameza dawa. Kwa nini mwenye VVU tumwamini na mwenye heroini tumtilie shaka?

16.
"Lakini methadoni ni hatari, si kama ARV." Kweli. Ukianza na dozi kubwa inaua. Ndiyo maana tunaanza chini, kwa kawaida haizidi miligramu 30 siku ya kwanza, tunapandisha polepole, tunamwangalia. Uangalifu huo ni wa daktari, mfamasia na nesi. Haufanywi na barua ya mwenyekiti wa mtaa. Pima mkojo, sikiliza historia, hakikisha hajanywa pombe wala vidonge vya usingizi siku hiyo, anza chini. Kama kituo chako hakina uwezo wa kufanya hivyo Ijumaa saa 8 mchana, sema "kituo hakina uwezo." Usiseme mgonjwa hayuko tayari.

17.
Na kuhusu kuacha njiani: ndiyo, wanaacha. Waulize kwa nini. Fundi wa ujenzi anatakiwa awe saiti saa 1 asubuhi, na dirisha nalo ni asubuhi. Achague kazi au dawa. Nauli ya kwenda na kurudi, kila siku, Jumapili na sikukuu zimo. Msiba wa bibi kijijini siku nne. Mvua ikinyesha Jangwani pakijaa maji, nani anavuka? Akikosa siku kadhaa mfululizo tunamshusha dozi, na hiyo ni sawa kwa usalama wake kwa sababu niliyoieleza namba 13. Ila tunamshusha huku tunamtazama kama mwanafunzi mtoro. Siku ya pili haji tena. Tunaandika yale maneno.

18.
Wenzetu wamejaribu kulegeza. Marekani, Machi 2020 korona ilipoingia, waliruhusu mgonjwa aliyetulia apewe dozi za kwenda nazo nyumbani mpaka za siku 28. Mwaka 2024 wakaufanya utaratibu huo uwe wa kudumu kwenye kanuni zao. Sisemi tunakili kila kitu, mazingira ni tofauti na dawa ikiachwa ovyo nyumbani mtoto anaweza kuinywa akafa. Nasema tu: utaratibu ulipobadilika, watu waliokuwa "wasumbufu" walipungua bila wao kubadilika tabia. Jiulize usumbufu ulikuwa wa nani.

19.
Wanawake. Angalia foleni yoyote ya methadoni uhesabu: wanaume, wanaume, wanaume, dada mmoja kajifunika mtandio mpaka machoni. Tunasema wanawake ni wagumu kuingia matibabu. Dada mmoja alinijibu hivi: "Nikija hapa asubuhi, mtoto namwachia nani? Yule bwana ninayeishi naye ndiye anayeninunulia. Nikiacha, nalala wapi leo?" Nikamuuliza swali la kwenye fomu: uko tayari? Akacheka. Akasema, "Mimi niko tayari, dada. Mtoto hajawa tayari kukaa peke yake."
Na kama ni mjamzito, usimlazimishe akate ghafla kwa huruma ya mtoto. Arosto kali ni hatari kwa ujauzito. Methadoni ndiyo njia inayoshauriwa. Mlete.

20.
Sitaki nionekane nawatetea kwa kila kitu. Wapo wanaotuibia dirishani, wanaotukana, wanaoweka dawa shavuni waitemee kwenye chupa wakauze. Nimewahi kurushiwa kikombe. Na wapo ambao kweli hawataki, leo hawataki, wanaipenda hali yao au wanaogopa zaidi kile kitakachokuja wakiacha. Hao wana haki ya kusema hapana. Lakini hata wao wanahitaji sindano safi, kidonda kufungwa, kipimo cha VVU na cha homa ya ini. Mtu akisema "sitaki methadoni" hajasema "sitaki kuishi." Ukimfunga kidonda vizuri leo, kesho akichoka atajua pa kwenda.

21.
Sasa nawaomba nini?
Familia: siku akisema "nimechoka," usimwambie "umeshasema hivyo mara ngapi." Vaa viatu. Usisubiri kikao, usisubiri shangazi afike kutoka Tanga. Weka nauli pembeni, iwepo, kama unavyoweka hela ya msiba. Ni masaa machache tu.
Viongozi wa mitaa: barua kama lazima iwepo, iandikwe bure na siku hiyo hiyo. Mnajua wenyewe kinachoendelea, sitaki kufafanua.
Polisi: kijana anayetoka kliniki na kadi yake mfukoni si wa kukamatwa getini. Mkimkamata mmoja, kumi hawaji kesho.

22.
Manesi na madaktari wenzangu: ombi langu ni dogo, halihitaji bajeti. Acheni kuandika "hayuko tayari." Andika kilichotokea. "Alikuja Ijumaa saa 8 mchana akiwa na arosto. Hakupokelewa kwa kukosa msindikizaji." Andika "ameshindwa nauli." Andika "zamu ya kazi inagongana na saa za dirisha." Ukiandika hivyo miezi mitatu, mkuu wa kituo akifungua daftari ataona orodha ya vitu vya kurekebisha. Ukiandika "hayuko tayari" mara mia, ataona watu mia wabaya na hatarekebisha chochote.

23.
Fundi. Najua mnasubiri.
Miezi saba baadaye, wakati wa masika, waelimishaji rika walimleta. Jipu kubwa pajani, homa, na kipimo cha VVU kilichokuwa hasi mwaka uliotangulia, kwa kadi yake mwenyewe, sasa kilikuwa chanya. Sijui aliambukizwa siku gani kati ya hizo. Sitajua. Nilimfunga kidonda mimi. Nilidhani hanikumbuki.
Akasema, "Sista, unaikumbuka ile Ijumaa? Nilikuwa na hela ya kete mfukoni. Sikununua. Nilipandia daladala."

24.
Hakunilaumu. Alikuwa ananieleza tu, kama mtu anayekumbusha kitu. Mimi nilirudi kwenye lile daftari, nikatafuta ukurasa. Bado upo. Sikuyafuta yale maneno mawili kwa sababu kumbukumbu za hospitali hazifutwi. Niliandika pembeni, tarehe na sahihi: "Mgonjwa alikuwa tayari. Kituo hakikuwa tayari."

25.
Leo anakunywa dozi yake na ARV zake dirisha moja. Hajawa malaika. Wiki iliyopita alikosa siku mbili, akarudi ya tatu ananuka rangi, kumbe alipata kazi Kibaha na tajiri hakumruhusu kutoka. Nilimuuliza maswali ya usalama, nikamwita daktari, tukaangalia dozi, akanywa, akaenda. Kwenye faili nimeandika: "Kazi Kibaha. Tujadili saa za dozi."
Maswali wekeni hapo chini. Nitajibu kesho mchana, usiku huu nina zamu.